Mteja wako si njiwa

Swali huja kwa midomo tofauti lakini ni lile lile. Wiki hii limeletwa na vijana wawili wa Uyole wanaouza pembejeo kwa njia ya simu. Kabla yao aliniuliza mama mmoja mwenye mgahawa Iringa mjini, anayetaka wanafunzi waagize chakula kwa aplikesheni badala ya kupanga foleni. Kabla ya huyo, katibu wa kikundi cha akiba kule Mafinga. "Mtaalamu, tuweke mchezo gani wa zawadi za kila siku ili wateja wasitukimbie?" Wengi huja wameshachora kabisa: gurudumu la bahati linalozunguka, sarafu za dhahabu zinazomwagika kwenye kioo, na kalenda ya siku saba ambayo ukikosa siku moja unaanza upya. Kwangu wanataka bei na tarehe ya kukabidhiwa kazi.

Mimi huuliza kitu kimoja tu: mteja wenu ana haja gani na nyie kila siku? Hapo watu huanza kutazamana.

Tumchukue mteja wa hao vijana wa Uyole. Mkulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini anahitaji mbegu na mbolea ya kupandia mvua zinapoanza, Novemba kuingia Desemba. Wiki chache baadaye anahitaji ya kukuzia. Viwavijeshi wakivamia, atatafuta dawa siku hiyo hiyo tena mbiombio. Baada ya hapo shamba linamtaka yeye, halimtaki muuzaji, mpaka atakapoanza kufikiria magunia na soko. Kwa mwaka mzima ana sababu nne au tano za kweli za kufungua hiyo aplikesheni. Mwanafunzi wa Mkwawa au wa RUCU naye ana kalenda yake: bumu likiingia anaagiza chipsi kuku, likikata anarudi kwenye wali maharage wa mama ntilie, na hakuna sarafu ya kwenye kioo itakayomtoa huko kabla ya bumu jingine. Kikundi cha akiba kinakutana mara moja kwa wiki. Hizo ndizo biashara ambazo wenyewe wanataka zipige kengele kila asubuhi.

Halafu kuna suala la bando, ambalo walioko maofisini wenye intaneti ya ukutani hulisahau. Mteja wa Igurusi au Ilula hawashi data asubuhi akaizima usiku. Ananunua bando dogo, anawasha, anapitia WhatsApp, anazima. Kufungua aplikesheni yako kunamgharimu, na mtandao ukisumbua gurudumu linazunguka weee bila kutoa kitu. Akikosa bando siku ya tano, kalenda yako inamfutia siku nne alizohangaikia. Umemwadhibu kwa kukosa shilingi mia tano, halafu ripoti ya mwezi inasema umemzawadia.

Nikifika hapo huwa naambiwa kwamba sayansi imeshathibitisha. Kuna video zinazunguka, mtu anaeleza kwa uhakika mkubwa kuwa zawadi isiyotabirika inamnasa binadamu yeyote, na lazima jina la Skinner litajwe. Sawa, twende kwa huyo Skinner. Mwaka 1957 yeye na mwenzake Charles Ferster walichapisha kitabu kinene cha majaribio, mengi yakiwa ya njiwa waliofundishwa kudonoa kidude ukutani ili wapate chakula. Chakula kilipotolewa baada ya midonoo isiyojulikana idadi, mara mitano, mara hamsini, njiwa walidonoa kwa kasi na hawakuacha upesi hata chakula kilipokoma. Hadi hapo video zinasema kweli.

Kinachorukwa ni hali ya hao njiwa. Waliwekwa na njaa kwa makusudi, uzito wao ukashushwa hadi karibu asilimia 80 ya ule ambao wangekuwa nao wakila wanavyotaka. Walifungiwa ndani ya sanduku lenye kidude cha kudonoa, tundu la chakula, na basi. Mteja wako hana njaa ya sarafu zako, na sanduku lake lina mlango. Ana namba ya duka la pembejeo la mtaani kwake, ana jirani aliyenunua mfuko wa ziada, ana soko la Mwanjelwa, ana aplikesheni nyingine mbili zenye gurudumu kama lako. Matokeo ya njiwa yanamhusu mtu pale tu anapokuwa hana pengine pa kwenda, na mfanyabiashara anayeota wateja wa namna hiyo ana matatizo ambayo mimi si mtaalamu wake.

"Mbona dubwi zinajaa watu?" Hili nalo naulizwa, tena kwa sauti ya mtu aliyenikamata. Dubwi zinajaa, na maduka ya kubeti yanajaa, kwa hiyo tuulize fedha za zawadi zinatoka wapi. Kwenye dubwi, anayeshinda analipwa kwa sarafu za walioshindwa, na mwenye mashine anachukua chake kabla ya wote. Mashine haitoi hata shilingi kutoka mfukoni mwa mwenyewe. Gurudumu lako halina walioshindwa. Mteja anazungusha bure. Kila zawadi inatoka kwenye faida yako, na faida yenyewe kwenye mbolea ni nyembamba, kwani bei ya mfuko inatangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea na huwezi kuipandisha ili kufidia.

Tupige hesabu ya darasa la nne. Tuseme una wateja 4,000, nusu yao wanazungusha kila siku, na kwa wastani kila mzunguko unatoa shilingi 50 za muda wa maongezi. Hiyo ni shilingi 100,000 kwa siku, milioni 3 kwa mwezi. Kuanzia Machi hadi Oktoba, miezi ambayo mkulima wa mahindi karibu hanunui kitu, umeshatoa milioni 24 kwa watu waliofungua, wakazungusha, wakafunga. Vijana wa Uyole walipoiona hesabu hii walipendekeza zawadi ipunguzwe iwe shilingi 5. Nani atawasha data kwa shilingi 5?

Kisha kuna wajanja. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA haukumaliza watu wenye laini tatu nne, na mzunguko wa bure kwa kila namba ni mwaliko. Weka zawadi ya kumleta rafiki na utaona chumba kimoja cha hosteli kimezaa wateja ishirini, wote wameingia saa mbili usiku, wote wamezungusha, hakuna aliyenunua hata soda. Mwenye aplikesheni anaonyesha jedwali linalopanda na anaomba mkopo benki kwa jedwali hilo.

Jedwali lenyewe ndilo mzizi wa uongo wote huu. Watu hunijia na ushahidi: tuliweka zawadi, waliofungua wakaongezeka maradufu. Wangeachaje kuongezeka, umewalipa wafungue! Ulichopima ni kama watu wanapenda vya bure. Ungetaka kujua kama zawadi imekuza biashara, ungewaacha wateja mmoja katika kila kumi, waliochaguliwa bila mpangilio, wasiione kabisa, halafu baada ya msimu ukalinganisha manunuzi ya makundi mawili. Katika wote walioniletea ushahidi, sijaona aliyefanya hivyo, ingawa ni kazi ya mchana mmoja kwa mwandishi wa programu yeyote anayejiheshimu.

Na ukiiondoa zawadi je? Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio la watoto wa chekechea huko Marekani waliopenda kuchora wenyewe bila kusukumwa. Walioahidiwa cheti ili wachore, baadaye walipoachwa huru, walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Mteja aliyekuwa anaingia kuangalia bei ya viazi, ukianza kumlipa aingie, siku ukiacha kulipa anajiuliza alikuwa anaingia kwa nini.

Lipo jambo jingine linalohusu huku kwetu zaidi ya maabara ya mtu yeyote. Watu wameumia. Waliokuwepo 2009 wanaikumbuka DECI, upatu uliojivika lugha ya kupanda na kuvuna hadi serikali ikausimamisha na waasisi wake wakaishia mahakamani Kisutu. Waliokuwa wadogo wakati huo waliipata yao mwanzoni mwa 2025 kwa LBL: unaweka fedha, unafungua simu kila siku, unatazama vipande vya video, unaona salio linapanda kwenye kioo, mpaka polisi wanaingia na salio linabaki picha. Sasa wewe unamletea mtu huyo huyo aplikesheni inayomtaka aingie kila siku aone sarafu zikiongezeka. Hata kama huchukui senti yake, umechagua sare ya matapeli. Na usisahau Wamoraviani wa Tukuyu, Walutheri wa Iringa na Waislamu wa pande zote ambao gurudumu la bahati kwao ni kamari, liwe la bure lisiwe la bure. Nimewahi kuona wazee wa kikundi wakikataa mfumo mzuri wa akiba kwa sababu ya picha ya gurudumu tu.

Nitatajiwa Duolingo, aplikesheni ya lugha ambayo tangu 2017 inafundisha hata Kiswahili. Naam, hesabu yake ya siku mfululizo inafanya kazi. Lugha inajifunzwa kidogo kidogo kila siku. Anayeingia leo anafaidika na kuingia kwake, zawadi au pasi zawadi. Na hata wao wameweka namna ya kuukinga mfululizo usikatike mtu akikosa siku, kitu ambacho wanaoiga kwa macho hawakukiona.

Kwetu kuna mfano bora zaidi, na hauna gurudumu. Mwaka 2014 Tigo Pesa, ambayo leo inaitwa Mixx by Yas, ilianza kuwagawia wateja faida iliyozaliwa na fedha zao zilizokaa kwenye akaunti ya dhamana benki. Mgawo ulifuata wastani wa salio la mtu na ulitoka kila robo mwaka. Hapakuwa na kitu cha kubonyeza kila asubuhi. Kampuni ilitaka watu waache fedha kwenye simu, na ikazawadia kuacha fedha kwenye simu. Majirani zetu wa Kenya wana Bonga Points za Safaricom tangu 2007, zinazofuata matumizi halisi, na zina funzo la pili: mwaka 2022 kampuni ilipotangaza kwamba pointi zenye umri wa zaidi ya miaka mitatu zitafutwa, malalamiko yalizuka, maana wateja walikuwa wameshazihesabu kuwa mali yao. Pointi unazogawa ni deni. Mhasibu wako analijua hilo hata kama mbunifu wako halijui.

Haya, kwa wanaotaka cha kufanya, andikeni upesi. Zawadia tendo linalokuletea fedha au linalomsaidia mteja kweli: kununua, kulipa kwa wakati, kutoa taarifa ya bei ya soko lake. Fuata mwendo wa biashara, yaani msimu kwa pembejeo, wiki kwa kikundi cha akiba, bumu kwa mgahawa. Tumia kadi ya hatua, na mpe mteja hatua mbili za mwanzo: Nunes na Drèze walijaribu hilo mwaka 2006 kwenye sehemu ya kuosha magari, kadi ya mihuri minane ikakamilishwa na asilimia 19 ya wateja, ya mihuri kumi yenye miwili iliyokwishagongwa ikakamilishwa na asilimia 34, na safari iliyobaki ilikuwa ile ile ya mihuri minane. Zawadi iwe kitu cha biashara yako, kilo ya mbegu, usafiri wa bure wa mzigo, sahani ya kumi, kwa kuwa kwako kinagharimu kidogo kuliko kinavyoonekana kwake na mwenye laini ishirini hakimfai. Anayekosa asirudishwe mwanzo. Mwenye kitochi afikiwe kwa SMS. Weka kikomo cha bajeti na tarehe ya mwisho ya pointi, uvitangaze siku ya kwanza. Acha mmoja katika kumi bila zawadi, upime manunuzi ya pili. Unakusanya namba na majina, kwa hiyo jisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama Sheria ya 2022 inavyotaka.

Na kama roho bado inadunda kwa ajili ya droo, fanya moja tu, wakati wa Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, kwa walionunua msimu uliopita. Lakini anzia Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Yule ofisa unayemwona amesimama pembeni kwenye picha za droo za kampuni za simu hakuja kupiga picha. Bahati nasibu ya promosheni nayo inasimamiwa chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, na kibali kinaombwa kabla tangazo halijabandikwa.