Jeke Amekosa Uwanja

Mchimbaji wa dhahabu wa Mkwajuni, Songwe, hahitaji kufafanuliwa kisa cha The Lucky Texan. Marafiki wawili wanapata dhahabu, wanaipeleka kwa mpimaji wa mjini, naye anaanza hila: ajue inakotoka, kisha awanyang'anye ranchi yao. Ni filamu ya kauboi ya 1934, haifiki saa nzima, na stelingi wake ni John Wayne kabla dunia haijamjua. Studio ndogo ya Lone Star ilizipiga filamu kama hii haraka kwa fedha kiduchu, Monogram ikazisambaza.

Wanaume wa nyanda hizi waliovuka Tunduma kwenda kufanya kazi migodini Kopabeti, Zambia, walizikuta filamu za namna hiyo zikioneshwa kwenye viwanja vya kambi za wafanyakazi. Huko kila kauboi aliitwa Jeke, jina lililotokana na mwigizaji Jack Holt. Wakaguzi wa kikoloni walikuwa wamezikatakata kwa hofu ya bunduki, hata mara nyingine kisa hakifuatiliki. Watazamaji hawakujali. Walimwita Jeke kwa sauti, wakamwonya adui yuko nyuma, wakarusha ngumi pamoja naye. Kilichokatwa na mkasi walikijaza wao, na ndiyo maana naamini nusu ya filamu hizo ilitengenezwa uwanjani.

Basi tukisema filamu hizo zilikufa kwa sababu ladha ya watu ilibadilika, tunakosea. Marekani ziliuawa na televisheni: kauboi alipoanza kuingia sebuleni bure, hesabu ya filamu ya bei rahisi haikulipa tena, na kufikia 1954 mfululizo wake ulikuwa umekwisha. Kwetu zilidumu zaidi, kanda zikichakaa. Nyuma yake wakaja makauboi wa Kiitalia, Bruce Lee, kisha video na vibanda umiza. Kibandani kelele zilibaki, na mtafsiri wa filamu kama Lufufu akaongeza yake. Pigo lenyewe limekuja na simu, kwa kuwa simu haina jirani wa kumpigia kelele.

Mgodi wa Saza, jirani na Mkwajuni, ulifungwa katikati ya miaka hiyohiyo ya 1950, lakini dhahabu haikuondoka. Wachimbaji wadogo bado wanaitoa na kuipeleka kwenye mizani ya mnunuzi. The Lucky Texan nayo ipo mtandaoni, bure. Kijana anaweza kuitazama usiku baada ya zamu, peke yake, spika zikiwa masikioni, na mpimaji akianza hila zake hakuna anayepiga kelele kumwonya Jeke.