Kwanza, mbuzi wanakamuliwa?

Mwanamke akiingia kliniki na kusema hapati mimba, kuna swali moja ambalo karibu kila muuguzi wa Kenya ataanza nalo: damu ya mwezi mara ya mwisho uliiona tarehe ngapi? Fomu zinalitaka na daftari lina nafasi yake. Muuguzi mkunga mmoja wa Lodwar, mji wa Turkana, haanzi hapo. Anauliza kwa Kiturkana kama mvua imenyesha huko mama alikotoka. Akijibiwa, anauliza kama mbuzi wanakamuliwa. Halafu la tatu, analoliuliza kwa sauti ya chini kidogo: maziwa hayo, wewe unayapata au yanaishia kwa watoto na wazee?

Tarehe huja baadaye, ikija.

Mimi nilikuwa Lodwar kwa habari za bei ya mifugo. Swali hilo alilitaja kupitia tu, tukinywa chai, na tangu hapo sikupata utulivu. Mbuzi na yai la mwanamke wapi na wapi?

“Tarehe nitaitoa wapi?” aliniambia. Hakutaka jina lake liandikwe, kwa kuwa waajiri wake hawapendi wafanyakazi wazungumze na magazeti. “Mama ametembea na ngamia kutoka Loima, halafu nimuulize ni tarehe kumi na ngapi? Atanitajia yoyote ili nimwache. Nikimuuliza maziwa, atanieleza mpaka nisiyotaka kujua. Na mimi nikisikia habari za maziwa, najua kama nianze kutafuta ugonjwa au nianze kutafuta chakula.”

Kumbe jambo hili limeandikwa zamani, ila halikuandikwa mahali ambapo mama wa Loima angelisoma. Mwaka 1989 watafiti wawili, Paul Leslie na Peggy Fry, walichapisha katika jarida la Kimarekani la anthropolojia matokeo ya kazi yao kati ya wafugaji wanaohamahama wa Turkana. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto walizaliwa katika miezi minne tu, kuanzia Machi hadi Juni. Kila jamii duniani ina miezi yenye watoto wengi kidogo kuliko mingine, lakini tofauti kubwa namna hii hukutana nayo mara chache sana.

Hesabu miezi tisa nyuma. Unaangukia Juni hadi Septemba. Mvua za masika zimekwisha kunyesha, kama zimenyesha, majani yameota kwenye mabonde makavu, mbuzi wamezaa, ngamia wana maziwa. Hayo ndiyo matunda ya akiporo, msimu wa mvua kwa Kiturkana. Watoto wanashiba, na kwa kuwa watoto wameshiba, mama naye hatimaye anabakiziwa. Mwili unarudi. Wiki chache baadaye damu ya mwezi nayo inarudi, na mimba zinaingia kwa mpigo, nyumba hadi nyumba, kana kwamba kuna aliyetangaza. Ukija ukame, akamu, mlango unafungwa tena.

Mlango wenyewe uko kichwani. Amri ya yai kupevuka hutoka kwenye ubongo, na ubongo hupima kwanza kama mwili una akiba ya kubeba mtoto na kumnyonyesha. Akiba ikiwa ndogo na kazi ikiwa nyingi, kama kuchota maji mbali, kuchoma makaa na kuhama, amri hupungua au hukoma. Yai halitoki. Hedhi huchelewa, huruka mwezi, au hupotea kabisa. Si Turkana pekee. Wadachi walipokumbwa na njaa ya vita katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, hedhi za wanawake wengi zilikatika, na watoto waliozaliwa miezi tisa baadaye walipungua hadi karibu nusu. Shibe iliporudi, uzazi ulirudi.

Nilimuuliza muuguzi kama ni chakula peke yake. Wakati wa ukame si ndio vijana na waume wanakuwa mbali na mifugo? Alicheka. “Hilo nalo limo. Mimba haiingii kwa simu.” Ni kiasi gani cha mambo haya ni njaa na kiasi gani ni kutengana, hakujaribu kunipa hesabu, wala mimi sina.

Kati ya mwaka 2020 na 2022 Pembe ya Afrika ilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo. Muuguzi anasema hapo ndipo swali lake la mbuzi lilipokomaa. Walimjia wanawake waliokuwa hawajaona siku zao kwa miezi minne, mitano. Kuna waliodhani wana mimba. Kuna waliodhani wamerogwa na mke mwenza. Na kuna waliokuwa na hakika kwamba ni ile sindano ya uzazi wa mpango iliyowachoma kizazi.

Kuhusu sindano, wanaomkosesha subira ni wenzake kuliko wagonjwa. Sindano ya miezi mitatu haiharibu kizazi, lakini haiondoki mwilini siku ya tisini pia. Kwa wastani mwanamke hukaa miezi tisa hadi kumi tangu sindano ya mwisho ndipo apate mimba, na wapo wanaopita mwaka. “Ukimwambia mapema, atangoja kwa amani. Usipomwambia, mwezi wa sita ameshaitwa tasa, na mwezi wa nane mume ameshaanza kuhesabu ng'ombe wa mke mwingine.” Neno tasa si la mzaha huku. Ndoa ya Kiturkana haifungwi ikaisha kwa siku moja. Kwa desturi safari yake hufikia mtoto wa kwanza anapoweza kutembea, na mahari ni mifugo mingi ya watu wengi. Mwezi unaochelewa huwa umeshika mikono ya ukoo mzima.

Kwenye droo yake kuna kitu nilichokiomba nikishike: mkufu wa shanga za plastiki wenye kipira cheusi cha kusogeza. Ushanga mmoja mwekundu, sita za kahawia, kumi na mbili nyeupe, kumi na tatu za kahawia. Jumla 32. Siku damu inapoanza unaweka kipira kwenye nyekundu, kisha unasogeza ushanga mmoja kila asubuhi. Nyeupe ni siku ya 8 hadi ya 19, siku ambazo mimba inaweza kuingia. Mkufu huu ulibuniwa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, kwa wasiotaka mimba. Yeye huwapa wanaoitaka, na kuwaambia wafanye kinyume cha maelekezo: nyeupe ndizo zako.

Mwanamke wa Kiturkana amevaa shanga shingoni tangu utotoni, safu juu ya safu, kwa hiyo kumfundisha mkufu huu ni kazi ya dakika. Tatizo ni kwamba shanga hizi zinafaa kwa mzunguko wa siku 26 hadi 32. Mwenye mzunguko wa siku 40 mwezi huu na 55 mwezi ujao, nyeupe zinampita mayai yake yakiwa bado. Wanaohitaji sana kuijua siku yao ndio ambao mkufu hauwafai.

Hapo anawafundisha kuangalia ute. Yai likikaribia kutoka, ute wa ukeni huwa mwingi, laini, unaong'aa na kuvutika. Vitabu vyote husema uvutike kama ute wa yai bichi la kuku. Akaona wafugaji wake hawafugi kuku. Kwa hiyo huwaambia: kama mate ya ndama aliyetoka kunyonya sasa hivi. Wanacheka, wanaelewa, na hawasahau. Mbegu za mwanamume zaweza kuishi katika ute huo hadi siku tano, ilhali yai lenyewe haliishi zaidi ya siku moja. Ndiyo maana siku za kukutana ni zile za kabla, wala si za kungoja mpaka yai litoke.

Vipo pia vijiti vya kupima mkojo, vinavyoonyesha homoni inayopanda siku moja au mbili kabla ya yai kutoka. Wenye ndugu Kitale au Nairobi huletewa. Nilisoma karatasi ya pakiti moja: vitunzwe mahali pasipozidi nyuzi joto 30. Lodwar joto la mchana hupita hapo karibu mwaka mzima.

Kinachomkasirisha kweli ni kipimo cha damu cha siku ya 21. Mwanamke wa mjini anaambiwa akapimwe siku hiyo projesteroni, homoni inayothibitisha kwamba yai limetoka. Analipa, anapimwa, jibu linakuja chini, anaambiwa hapevushi mayai. Lakini kipimo hicho hufanywa siku kama saba kabla ya hedhi inayofuata, na siku ya 21 ni sahihi kwa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 40 yai lake hutoka karibu siku ya 26, na angepaswa kupimwa karibu siku ya 33. “Wamempima kabla yai halijatoka, halafu wakamwandikia kwamba halitoki! Mama analia hapa na karatasi mkononi. Karatasi hiyo itafika kwa mama mkwe.”

Mjini mambo yamechanganyika kuliko malishoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science Advances ulionyesha kwamba Waturkana waliohamia mijini wana afya mbaya zaidi ya moyo na sukari kuliko waliobaki na mifugo. Kwa hiyo kwenye benchi moja nje ya chumba chake utakuta wawili wenye malalamiko yale yale. Mmoja amekonda, mwezi umekata kwa njaa. Wa pili ameongezeka uzito kwa unga, mafuta na soda, ana chunusi na nywele za kidevuni, na ovari zake huenda zina vifuko vingi vidogo vya mayai yasiyopevuka. Wa kwanza anahitaji kula. Wa pili mara nyingi akipungua kilo chache mwezi hujirekebisha. Ukiwapa ushauri mmoja, umemuumiza mmoja wao.

Kabla ya Lodwar alifanya kazi Kakuma, mwendo wa kilomita kama 120 kwa barabara, kambini ambapo wakimbizi wamekuwepo tangu 1992. Huko, kwa Wakongo wanaozungumza Kiswahili vizuri kuliko sisi, swali lake la kwanza lilikuwa jingine: Bamba Chakula imeingia kwenye simu? Ndiyo iliyokuwa pesa ya chakula, na bila hiyo jiko halikuwaka. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao, na Machi mwaka huo watu waliandamana barabarani. Nimemuuliza kama wenzake waliobaki kule wanaona hedhi zinakatika. Akasema nani ameandika? Daftari la wajawazito lipo na la utapiamlo lipo, lakini la mwanamke asiyeona mwezi na anayetaka mtoto halipo.

Na hili ndilo linalonisumbua. Katika chumba chake nimeona sindano, vipandikizi, vidonge na koili, na ni vyema vipo. Kwa anayetafuta mtoto kuna mkufu, mdomo wa muuguzi, na barua ya kwenda mbali. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa kutungishwa maabara mwaka 2006, mikononi mwa daktari Joshua Noreh jijini Nairobi, na mbunge Millie Odhiambo amepigania sheria ya huduma hizo kwa miaka mingi. Lodwar ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka jijini humo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hukumbana na ugumba wakati fulani maishani. Sijui ni kwa hesabu gani Turkana, kwa sababu ina watoto wengi, idhaniwe haina wanaowatafuta.

Waume nao? Karibu nusu ya ugumba una mkono wa mwanamume. “Nikimwambia alete mbegu zipimwe, ananiambia ana watoto kwa mke mkubwa. Namuuliza, wa mwisho ana miaka mingapi? Kumi na miwili. Ananyamaza.” Wachache hurudi na kichupa.

Masharti yake kwa wanaomwendea ni haya, na naona yafaa hata kwa msomaji wa Mombasa au Kisumu. Mkijaribu mwaka mzima bila mimba, nendeni kliniki. Mama akiwa amepita miaka 35, msipite miezi sita. Hedhi ikipotea miezi mitatu na kipimo cha mimba hakina kitu, au maumivu ya nyonga na uchafu wenye harufu vikiwepo, msingoje hata hiyo sita, kwa maana maambukizi yasiyotibiwa huziba mirija na hapo hakuna mvua itakayosaidia. Andikeni siku ya kwanza ya kila damu, hata kwa mkaa ukutani. Na mwende wawili.