Ruzuku, Fungu na Boma: Maneno ya Fedha za Serikali kwa Afya katika Shinyanga na Geita

Katika lugha ya utawala wa Tanzania, fedha ambazo Serikali Kuu huzipeleka kwenye halmashauri bila ya kudai zirudishwe huitwa ruzuku. Kwa fedha hizo hulipwa mishahara ya waganga na wauguzi, hununuliwa dawa, na hukamilishwa majengo ya zahanati. Makala haya yaeleza maneno machache ya fani hiyo kama yatumikavyo katika mikoa ya Shinyanga na Geita, na kuonyesha jinsi maana ya kale ya neno iwezavyo kumpoteza mtu anayetafuta haki yake ya leo.

Ruzuku na riziki ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Katika matumizi ya kale mtendaji wa kitenzi kuruzuku ni Mungu, naye anayeruzukiwa ni kiumbe chake. Riziki haiombwi kwa fomu, wala haina siku ya mwisho ya kuombwa. Aipataye hushukuru, na aikosaye husubiri. Neno lilipoingia ofisini halikuiacha nyuma maana hiyo. Mwanakijiji wa Kishapu au Mbogwe aambiwapo kwamba ruzuku ya zahanati haijafika, ni rahisi kwake kuisubiri kama asubirivyo mvua. Lakini ruzuku ya Serikali haishuki yenyewe: sharti hoja ipande kwanza, ndipo fedha zishuke.

Njia ya kupanda ni hii. Haja hutajwa katika mkutano mkuu wa kijiji, hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha huingizwa katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Baraza la Madiwani likiisha kuupitisha, mpango huenda mkoani, TAMISEMI na Hazina, na mwisho makadirio huidhinishwa na Bunge kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Haja isiyoandikwa katika mpango, hata ikiwa kubwa namna gani, haina mahali pa kukaa katika hesabu.

Mahali hapo pa kukaa pana majina yake. Sokoni, fungu ni nyanya chache zilizopangwa pamoja kwa bei moja. Baharini ni mchanga unaojitokeza maji yakupwapo. Katika bajeti, fungu ni sehemu ya fedha iliyopewa nambari yake na msimamizi wake: Wizara ya Afya, kwa mfano, ni Fungu 52. Ndani ya fungu mna vifungu na kasma. Kasma, neno lenye asili ya Kiarabu lihusulo kugawa, ni fedha iliyotengwa kwa tendo moja maalumu. Fedha ya kasma ya dawa hainunui mabati mpaka itolewe idhini ya kuihamisha. Basi mtu aambiwapo, "Fedha ipo, ila kasma hairuhusu," asiyelijua neno hudhani kwamba anadanganywa. Kumbe pengine ameelezwa sheria, na pengine kweli amedanganywa. Bila ya kujua maana ya kasma hawezi kupambanua.

Kiasi cha ruzuku nacho hakitegemei huruma. Kanuni ya kugawa fedha za afya kwa halmashauri, iliyoanza kutumika mwaka 2004, iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 70; zilizobaki ziligawanywa sawa kati ya umaskini, urefu wa njia za magari ya afya, na vifo vya watoto walio chini ya miaka 5. Katika ukanda wa dhahabu kanuni ya namna hiyo ina tatizo lake. Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, ulihesabiwa mwaka huo kuwa na watu milioni 1.7 hivi, katika sensa ya 2022 walikaribia milioni 3. Machimbo mapya yakigunduliwa, watu huhamia kwa majuma machache, hali sensa hufanywa kila baada ya miaka 10. Mchimbaji mdogo, mwenye vumbi la mawe kifuani na zebaki mikononi, huugulia mahali asipohesabiwa. Neno idadi, ambalo huonekana kavu kuliko yote, ndilo limgusalo zaidi.

Liko tamko moja lililosema wazi kwamba ruzuku ina pande mbili, nalo ni tele kwa tele. Chini ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupata sheria yake mwaka 2001, Serikali iliahidi kutoa kiasi kilicho sawa na michango ya wanachama. Halmashauri ililazimika kuonyesha hesabu ya michango na kudai sehemu yake; isiyodai haikupata. Hapa ruzuku iliitwa kwa jina la mapatano badala ya jina la neema. Malipo kwa ufanisi, mpango uliojaribiwa Kishapu mwaka 2015, nao ulifuata mkondo huo: kituo kilipata fedha baada ya kazi yake kuhakikiwa.

Yafaa pia kutenga ruzuku na fedha za migodi. Ushuru wa huduma, ambao kampuni hulipa kwa halmashauri kwa kiwango kinachotokana na mauzo, ni kodi. Wajibu wa kampuni kwa jamii, uliowekewa masharti katika Sheria ya Madini mwaka 2017, hutekelezwa kwa mpango wa kila mwaka unaokubaliwa na halmashauri. Wodi iliyojengwa kwa fedha za mgodi huko Geita au Msalala ikiitwa msaada, jambo la wajibu hugeuzwa kuwa hisani, na hisani haikaguliwi.

La mwisho ni boma. Neno hili lilikuwa ngome, kisha ofisi ya mkuu wa wilaya. Siku hizi ni kuta za jengo lisiloezekwa, zilizosimamishwa kwa nguvu za wananchi zikingoja fedha za Serikali za kulikamilisha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, na kamati ya kituo, yenye wajumbe wa kijiji, ina sauti juu ya matumizi yake. Mjumbe asiyepambanua fungu na kasma hutia sahihi asichokijua.

Kwa hiyo watunga kamusi wana kazi hapa. Fasili ya ruzuku isemayo tu kwamba ni fedha itolewayo na serikali kwa kusaidia yaacha nje mpango, muda, kanuni na hesabu, yaani mambo yote yampasayo mdai kuyajua. Maana kamili ingemwambia kwamba ruzuku ni fedha ya umma idaiwayo kwa utaratibu na kutolewa hesabu. Riziki ibaki kwa Mwenyezi Mungu.