Mawe ya Pwani yameandikwa, tuyasome kabla hayajafutika

Mtu akikwambia Waswahili wa kale hawakuandika historia yao, mpeleke Gede. Ndani ya magofu yale, karibu na Watamu, liko kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Ni tarehe moja tu, lakini imewasaidia wataalamu kukadiria umri wa majengo mengine ya mji ule.

Kongwe zaidi ni maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Kwenye mihrabu pana hati ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi yakahifadhiwa.

Waliwezaje kuchonga herufi nyembamba vile? Siri ni jiwe lenyewe. Kuta zilijengwa kwa matumbawe magumu ya nchi kavu, yakashikanishwa kwa chokaa. Jiwe la kuchonga lilitolewa baharini. Likiwa bichi hukatika kwa urahisi, likikaa hewani hukakamaa. Wachongaji wa Tabaka kule Kisii, wenye jiwe lao la sabuni, wataelewa haraka kwa nini fundi hupenda jiwe laini.

Si herufi peke yake zinazosomeka. Mambrui, kaskazini mwa Malindi, kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya kaure ya Kichina ya enzi ya Ming. Ukiyaona unajua wazee wetu walifanya biashara na nani.

Sasa mawe haya yanaliwa na chumvi, mvua na mizizi, na sisi tunaongeza madhara kwa saruji. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huufungia ndani, mpaka uso wa jiwe unabanduka na herufi zake. Mtu anakarabati kaburi la babu yake kwa nia njema, kumbe anafuta jina lake.

Gede iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, na ina walinzi. Makaburi ya mitaani kwetu hayana. Basi kabla ya kugusa ukuta wa kale, piga picha, nakili maandishi, uwaite maafisa wa Makumbusho ya Taifa. Na walimu wa madrasa wawapeleke watoto wakasome wenyewe. Herufi wanazijua tayari.