Zaka ya Mnanaa na Shamba la Mjane



Tunapotembelea vikundi, tunaona mikutano ikianza na kumalizika kwa sala. Hilo ni jambo jema. Lakini siku moja tulikaa na kikundi fulani na tukaona jambo ambalo halijatutoka moyoni. Mama mmoja mjane alikuwa amekosa mikutano mitatu. Mweka hazina alisoma faini yake, akaikata kwenye akiba yake. Hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi.

Kumbe siku hizo zote alikuwa kwa chifu. Shemeji zake walikuwa wameng'oa miti ya mpaka na kulima shamba la marehemu mumewe. Na mmoja wao ndiye aliyetuongoza katika sala ya kufunga! Sisi nasi tuliitikia "Amina" tukaenda zetu. Tulipokuja kujua, tuliona haya.

Hapo tulikumbuka Mathayo 23:23. Mafarisayo walitoa zaka hata ya mnanaa, bizari na jira, yaani viungo vidogo vya jikoni. Yesu hakuwakataza kutoa. Aliwalaumu kwa kuacha mambo makubwa: haki, huruma na imani. Alitaka wayafanye hayo, na yale mengine wasiyaache. Kwa hiyo hatusemi kwamba misa, rozari au mfungo wa Kwaresima ni bure.

Lakini tujiulize, zaka ilikuwa ya kazi gani? Soma Kumbukumbu la Torati 14:28-29. Kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa akiba ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Basi mtu anayepima jira vizuri na huku anamnyang'anya mjane ameshika ganda akatupa punje. Faini ya kikundi ni vivyo hivyo. Iliwekwa ili kulinda akiba za wanyonge, siyo kumwadhibu mnyonge kwa shida yake.

Mambo hayo matatu tunaweza kuyafanya hivi:

HAKI. Tujue sheria. Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1981. Kifungu cha 45 kinasema ni kosa mtu kujichukulia au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, hata kama ni ndugu yake. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 60, inataka ubaguzi kati ya wanaume na wanawake katika mambo ya ardhi uondolewe, hata ule wa mila. Mjane atafute cheti cha kifo, kisha barua ya chifu inayotaja warithi wote, mabinti pia. Halafu apeleke ombi mahakamani ili apewe mamlaka ya kusimamia mali hiyo. Asitie kidole kwenye karatasi asiyoielewa.

HURUMA. Kabla ya kutoza faini, tuulize, "Mama, kuna nini nyumbani?" Tumkopeshe nauli. Wanakikundi wawili wamsindikize kortini, maana mtu akiwa peke yake hutishwa upesi.

IMANI. Neno hili lina maana ya uaminifu pia. Tulimwahidi Mungu mbele ya altare; tutimize shambani. Wakati wa mazishi tunachanga, tunaimba, tunapika. Mjane anatuhitaji zaidi mwezi wa tatu, wakati wageni wameshaondoka.

Kikundi kile kilimrudishia mama faini yake, na wanawake wawili wakaanza kumsindikiza. Shemeji yule alikasirika, akaacha kuja. Tulipohamishwa parokia ile kesi ilikuwa bado kortini. Hatuwezi kuwaambia kwamba yote yalikwisha vizuri. Tunaweza kusema tu kwamba mama hakuwa tena peke yake, na kwamba sala ya kufunga ilikuwa na uzito mwingine.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Ni nani katika kikundi chetu amekosa mikutano, na je, tumekwenda kumwona?

2. Je, kuna kanuni yetu inayomwumiza mnyonge? Tuirekebishe namna gani?

3. Je, kati yetu kuna anayelima shamba la mjane au yatima? Ni nani atazungumza naye, na lini?