Kamera ya kupigia picha vidani: usikope kabla ya kupima

Juma hili tunapanda mlima hadi Vuga, wilayani Lushoto. Vuga ni mahali penye historia. Palikuwa makao ya watawala wa Kilindi, na hapo ndipo Kimweri ye Nyumbai alipotawala Usambara hadi alipofariki mwaka 1862. Baadaye jina la Vuga lilijulikana mbali kwa sababu ya mtambo wa uchapaji wa misheni ya Kilutheri. Leo lakini hatuzungumzii wafalme wala vitabu. Tunazungumzia pete.

Kuna mama mmoja huko anayetengeneza mikufu ya shanga, hereni za waya wa shaba na pete zenye vijiwe vidogo. Huuza kwa picha: hupiga kwa simu yake, hutuma kwa mnunuzi, mzigo hushuka na basi. Mwaka huu alirudishiwa pete sita kutoka Dar es Salaam. Mnunuzi alisema kwenye picha aliona jiwe la rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, na kilichomfikia kilikuwa cha zambarau. Mama huyo akakata shauri kwamba kosa ni la simu. Akaniuliza: "Kaka, nataka kukopa kwenye VIKOBA ninunue kamera ya maana. Ninunue ipi?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Mkopo ule ule ungeweza kulipa ada ya mtoto au kununua shaba ya miezi kadhaa. Basi kabla ya kutaja kamera, hebu tutafute kosa liko wapi.

Nilimuuliza mawe yale yametoka wapi. Akajibu: bonde la Umba. Hapo fumbo likafumbuka. Bonde la mto Umba, kaskazini ya milima yetu, linajulikana duniani kwa yakuti na ganeti zake, na baadhi ya mawe hayo yana tabia ya kubadili rangi. Mwanga wa jua una rangi nyingi za buluu na kijani, na mwanga wa balbu ya waya au wa mshumaa una wekundu mwingi. Jiwe la namna hiyo mchana huonekana buluu au kijani, na usiku chini ya balbu hugeuka zambarau au jekundu. Mama alipiga picha mchana karibu na dirisha. Mnunuzi akafungua kifurushi usiku. Wote wawili walisema kweli! Hakuna kamera, hata ya mamilioni, ambayo ingezuia ugomvi ule. Dawa yake ni picha mbili, moja ya mchana na moja ya chini ya balbu, pamoja na sentensi moja ya maelezo.

Hilo ndilo somo la kwanza: katika picha za vidani, mwanga ndio unaotangulia. Kitu kinachong'aa ni kama kioo, huonyesha kila kilicho mbele yake. Ukikipiga kwa taa ya kamera yenyewe, utapata doa jeupe na kivuli cheusi. Ukikipiga juani, hali ni hiyo hiyo. Kinachotakiwa ni mwanga mpana na laini, na hapa watu wa Usambara wamebarikiwa. Siku ya mawingu ya Lushoto, mbingu yote huwa taa moja kubwa laini. Weka meza karibu na dirisha, zima taa za ndani ili rangi mbili za mwanga zisichanganyike, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ili irudishe mwanga kivulini. Siku ya jua kali, tundika kitambaa chembamba cheupe dirishani. Gharama yake ni ndogo mno.

Somo la pili ni ukaribu. Watu wengi wakienda dukani huuliza kamera ina megapikseli ngapi. Hilo si swali la kwanza kwa mtengeneza pete. Picha ya kutumwa kwa simu, yenye nukta 1600 kwa 1200, ni megapikseli 2 tu. Hata ukitaka kuchapisha ukurasa mzima wa A4 kwa ubora wa kiwanda cha uchapaji, yaani nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji kama megapikseli 9. Kamera za kidijitali za miaka mingi iliyopita zinafikia hapo.

Swali la kwanza ni hili: kamera inaweza kusogea karibu kiasi gani na bado ikaona vizuri? Wazee wetu wa studio wanalijua jambo hili. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 kwenye kamera za filamu, kama Pentax K1000, ilisogea hadi sentimita 45 kutoka kwenye kitu. Kwa umbali huo picha ilibeba upana wa sentimita 24 hivi. Pete ya sentimita 2 ilikuwa kitone katikati ya uwanja. Kamera ilikuwa nzuri sana kwa harusi, lakini kwa pete haikufaa bila vifaa vya ziada.

Sasa tuangalie njia zilizopo, kuanzia ya bei nafuu.

Ya kwanza ni simu uliyonayo. Simu nyingi za siku hizi zinatosha kwa mkufu na bangili. Kosa la kawaida ni kuisogeza mno hadi pete inavimba upande mmoja na picha inafifia. Rudi nyuma kidogo, kisha vuta picha mara 2. Iegemeze simu kwenye kitu kisichotikisika, na tumia saa ya kuchelewesha ili kidole chako kisiitikise.

Ya pili ni kamera ndogo ya kidijitali iliyokwishatumika. Tafuta yenye alama ya ua. Hiyo ndiyo alama ya picha za karibu. Baadhi ya kamera za Canon PowerShot na Olympus Tough huweza kusogea hadi sentimita 1 kutoka kwenye lenzi. Kwa anayetengeneza hereni na pete, kamera ya namna hii humfaa kuliko kamera kubwa yenye lenzi isiyosogea. Hata hivyo usibandike lenzi kwenye pete, kwa maana kamera yenyewe itaziba mwanga.

Ya tatu ni kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, iliyokwishatumika, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55. Lenzi nyingi za aina hiyo hubeba upana wa kama sentimita 7 zikisogezwa mwisho. Hiyo yatosha kwa hereni mbili pamoja. Ukitaka pete moja ijaze picha, kuna pete za kurefusha zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Hazina vioo ndani, ndiyo maana ni za bei rahisi. Faida kubwa ya kamera hii ni kwamba unaweza kubana tundu la lenzi. Ukiweka namba 8 au 11, jiwe la mbele na duara la nyuma vitaonekana vyote. Tundu likibanwa mwanga hupungua, kwa hiyo stendi ya miguu mitatu ni lazima.

Ukienda kununua, iwe Tanga mjini au Kariakoo, usitosheke na maneno ya muuzaji. Chukua sarafu ya shilingi 200. Iweke mezani, sogeza kamera hadi mwisho wa uwezo wake, piga, kisha kuza picha uone kama maandishi yanasomeka na sarafu imejaza kiasi gani. Hakikisha chaja ipo, na kwamba betri na kadi yake bado vinapatikana. Halafu mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, achana nayo. Sisi wa milimani tuna ukungu wa nje unaotupa mwanga mzuri, na ukungu wa ndani unaokula lenzi kwa sababu ya unyevu. Kamera ikae kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, wala isikae kabatini ndani ya mkoba wake miezi mitatu.

Jambo moja la mwisho. Ukitandika karatasi nyeupe, kamera hudhani mwanga umezidi, nayo hutoa picha ya kijivu. Tafuta alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza kidogo upande wa kujumlisha, weupe utarudi. Na weka rula kando ya pete katika picha moja, ili mnunuzi ajue kipimo.

Basi nilimjibu hivi mama wa Vuga: Subiri mwezi mmoja. Tumia dirisha, karatasi nyeupe na simu uliyonayo. Zile pete sita zipige upya, mchana na usiku, uzitume tena na maelezo. Zikiuzwa, faida yake ndiyo iwe mwanzo wa akiba ya kamera ndogo yenye alama ya ua. Zikirudi kwa sababu nyingine, angalau hutakuwa na deni la kamera juu ya hasara ya pete.

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama karatasi ya daftari la shule itafaa. Nikamwambia itafaa, mradi isiwe na mistari.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.