NENO "VAR" KATIKA JAVA: AINA HAIJAPOTEA

Hakuna mtu anayesema, "Kitabu, ambacho ni cha ngeli ya KI-VI, kimeanguka." Angesema hivyo tungemcheka. Ngeli hatuitaji, lakini ipo. Ukishasema "kitabu", basi "kimeanguka", "changu" na "kile" hufuata bila kuitwa. Na ukiandika "kitabu imeanguka" katika insha, mwalimu atakutilia kalamu nyekundu, hata kama huko mtaani kila mtu anasema hivyo.

Nimeanza na ngeli kwa kuwa ndiyo njia rahisi ninayoijua ya kueleza jambo lililozua ubishi mkali katika chama cha kompyuta muhula uliopita. Je, neno var katika lugha ya Java ni msaada au ni uvivu tu? Wengine walishikilia kwamba anayelitumia hajui anachokiandika. Wengine nao walisema kwamba sasa Java imelegea, unaweza kuweka chochote popote. Mimi naona pande zote mbili hazikulielewa neno lenyewe.

Java ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka wa 1995, na aliyeongoza kazi hiyo ni James Gosling. Ni lugha ambayo programu hujengwa kwa vitu, na kila kitu kina aina yake. Ukitaka kuhifadhi thamani fulani unaipa jina, na jina hilo tunaliita kigeu. Kwa miaka mingi ilikuwa lazima utaje aina kwanza, ndipo utaje jina:

int umri = 16;
String shule = "ya kutwa";

Hapo hakuna taabu. Neno int maana yake ni nambari nzima, na String ni maandishi. Lakini hebu tazama huu:

HashMap<String, ArrayList<Integer>> alama = new HashMap<String, ArrayList<Integer>>();

Lo! Jambo moja limesemwa mara mbili katika mstari mmoja. Huyu ndiye yule mtu wa "kitabu cha ngeli ya KI-VI". Basi mwezi wa Machi 2018, Java toleo la 10 ilipotoka, ikaruhusu hivi:

var alama = new HashMap<String, ArrayList<Integer>>();

Kinachofanyika ni kwamba kompaila, yaani ile programu inayoyakagua maandishi yetu na kuyatafsiri kabla hayajaendeshwa, hutazama upande wa kulia wa alama ya usawa, ikaona aina iliyopo pale, ikaupa upande wa kushoto aina hiyo hiyo. Kuanzia hapo aina haibadiliki. Ukiandika var umri = 16; kisha chini yake umri = "kumi na sita"; kompaila itakataa katakata. Wanaochanganya mambo ni wale waliotangulia kujifunza JavaScript. Huko pia kuna var, lakini kigeu kinaweza kuwa nambari asubuhi na maandishi jioni. Hiyo ndiyo "kitabu imeanguka". Lugha hizi mbili zinafanana majina tu.

Kwa kuwa kompaila hutegemea upande wa kulia, upande huo lazima uwepo. var x; peke yake haikubaliki, wala var x = null; kwa sababu null haisemi ni aina gani. Tena neno hili ni la vigeu vya ndani ya kazi moja tu. Huwezi kulitumia kwa sehemu za kitu chenyewe wala kwa aina ya jibu ambalo kazi inarudisha, kwani hayo husomwa na watu walio mbali, na wao wanahitaji mkataba ulioandikwa wazi. Wazo lenyewe si jipya. C# ilikuwa nalo tangu 2007, na C++ ikalipata mwaka wa 2011 kwa neno auto.

Sasa nije kwenye lililotuumiza. Mwalimu mmoja alikiomba chama kiandike programu fupi ya kujumlisha alama za CAT tatu. Programu ilikuwa na mstari double jumla = 0; na double ni aina inayobeba desimali. Mwenzetu mmoja, akitaka mambo ya kisasa, akaandika var jumla = 0; badala yake. Chini yake kulikuwa na jumla += alama; na hakuuguza. Programu ikafanya kazi bila kunung'unika, orodha ikapigwa chapa. Msichana mmoja aliyepata 62.5, 48.5 na 70.5 akakuta jumla yake ni 180. Yeye alikuwa amejijumlishia kwa kalamu na kupata 181.5. Alikuwa ameteremshwa nafasi mbili, na kama hangelalamika, orodha ingebaki hivyo.

Kifaru ana umbo la KI-VI, lakini tunasema kifaru amelala, si kimelala. Umbo hudanganya. Vivyo hivyo 0 ina umbo la nambari nzima, hata kama moyoni ulikusudia desimali. Kompaila haisomi moyo. Jumla ikawa int. Angekuwa ameandika jumla = jumla + alama; kompaila ingemzuia palepale. Lakini alama ya += ina siri yake: hujumlisha, kisha hukata desimali kimyakimya ili jibu litoshe ndani ya int. Kila CAT ikapoteza nusu alama. Dawa yake ni kuandika var jumla = 0.0, au kuurudisha mstari wa zamani. Kwa hesabu za alama mimi ningeurudisha wa zamani.

Mtego mwingine wa namna hiyo ni var majina = new ArrayList<>(); kwani mabano yakiwa matupu orodha hukubali kila kitu, majina na nambari pamoja. Jaza String mle ndani.

Kwa hiyo mimi hutumia var pale upande wa kulia unaposema wenyewe, kama var faili = new Scanner(System.in), ambapo hata wa kidato cha kwanza ataona ni Scanner. Lakini var x = tafuta(); simwandikii mtu. Anayesoma atalazimika kwenda kuitafuta hiyo tafuta ilipo ndipo ajue x ni nini. Waliotengeneza Java wenyewe walitoa mwongozo mwaka huo wa 2018, na mkazo wao ulikuwa kwa msomaji kuliko mwandishi, pamoja na kuchagua majina yanayoeleweka.

Na mwenye programu ya zamani iliyotumia var kama jina la kigeu asihofu, bado itafanya kazi. Hata var var = 5; inakubalika, ingawa atakayeiandika chamani kwetu atasimama mbele aieleze.